Nilimpa Alama Zote

Hotuba kwa walimu wapya wa jiografia na sayansi, Unguja

Assalamu alaykum. Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wakuu mliohudhuria, na nyinyi walimu wapya ambao vyeti vyenu bado havijakauka wino, ahsanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nina dakika arobaini. Mwalimu mstaafu akipewa dakika arobaini huchukua saa moja na nusu, lakini leo nitajitahidi, maana harufu ya pilau imeshaanza kuingia humu ndani na mimi mwenyewe naisikia.

Nianze na karatasi moja ya mtihani. Ni ya mwaka 2006, Fomu ya Pili, skuli ya kijiji upande wa mashariki wa kisiwa hiki. Swali lilikuwa lile lile tulilozoea: Taja sababu tano za ongezeko la joto duniani. Mtoto mmoja wa kike, hodari, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, akaandika: Moja, mama zetu kupikia kuni. Mbili, kuchoma mkaa. Tatu, kukata mikoko. Nne, kutoboka kwa tabaka la ozoni. Tano, moshi wa magari.

Nikampa tano kwa tano. Pembeni nikaandika "Vizuri sana" kwa kalamu nyekundu, na karatasi yake nikaibandika ukutani ili wenziwe waige.

Mamaake mtoto yule nilikuwa namjua. Alikuwa analima mwani, anapikia mafiga matatu, na umeme alikuwa akiuona hotelini kwa mbali. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, pikapu ya mwenye duka, nayo siku nyingi ilikuwa inasukumwa. Mtoto wake ameulizwa nani anaipasha moto dunia, akamweka mamaake namba moja, na mimi mwalimu nikagonga mhuri. Miaka ikapita kabla sijaiona hukumu niliyoitoa pale.

Sikuwa nasema uongo. Kitabu kilisema hivyo, na mwongozo wa kusahihisha ulisema hivyo. Wala siyo kwamba kuni hazimo kabisa katika hesabu. Zimo. Ubaya wa orodha ni kwamba ndani yake kila kitu ni sawa na chenzake: jiko la mafiga linasimama bega kwa bega na moshi wa magari, na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Tulikuwa tunafundisha majina bila ukubwa. Ni kama kumfundisha mtu wanyama ukamwambia kuna sisimizi, kuna paka, kuna tembo, basi, kapige mtihani.

Sasa tuziweke hesabu zetu sawa. Kazi kubwa inafanywa na makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini. Ukataji wa misitu ukiuchanganya wote, wa Amazon, wa Indonesia, wa Kongo na wetu sisi, unaleta karibu sehemu moja katika kumi ya hewa ya ukaa, gesi kuu inayoipasha moto dunia, ambayo binadamu anaitia angani kwa mwaka. Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa tani kama 14 kwa mwaka. Mtanzania hafikishi nusu tani. Afrika nzima, watu wanaokaribia bilioni moja na nusu, haifikishi asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia. Anayeongoza leo ni China, karibu theluthi. Lakini hewa hii ikishapanda haina haraka ya kuondoka, sehemu yake inakaa mamia ya miaka, kwa hiyo na ya zamani lazima ihesabiwe, na ukihesabu tangu viwanda vianze, Marekani peke yake inabeba karibu robo ya deni lote.

Siwaambii haya ili mkafundishe watoto kuchukia watu. Nawaambia ili mtoto akiulizwa nani, awe na mizani mkononi.

Wala sijasema mikoko ikatwe. Mkoko ukikatwa bahari inakula ufukwe wako wewe, mwaka huu huu, na kaa na kamba wanakosa pa kuzalia. Moshi wa kuni unaingia kifuani mwa mama na machoni mwa mtoto aliyembeba mgongoni. Hizo ni sababu zinazojitosheleza za kutunza mikoko na kutafuta jiko bora. Hazihitaji kuazima kosa la mtu mwengine ndipo zipate uzito.

Hili la ozoni sasa ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu hata walimu wa sayansi wanalisema. "Ozoni imetoboka, jua linapita moja kwa moja, ndiyo maana kuna joto." Nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye hotuba, nami mwenyewe nimelifundisha, Mungu anisamehe. Tabaka la ozoni linazuia mionzi ya jua inayounguza ngozi na kuharibu macho. Tundu lake liligunduliwa mwaka 1985 juu ya bara la Antaktika, huko kwenye barafu, sio juu ya Makunduchi. Lililetwa na gesi za mafriji na za makopo ya kupulizia, mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha, na tabaka linapona pole pole. Mwambie mtoto hivi: kama joto lingekuwa linapenya kwenye tundu, basi tundu likiziba joto lingeshuka. Tundu linaziba, joto linapanda. Mtoto wa miaka kumi na nne anaweza kumaliza kesi hiyo mwenyewe. (Gesi zile za mafriji nazo zinazuia joto, ni kweli, lakini hilo wawekeeni Fomu ya Tano.)

Na lugha yetu nayo imetuponza. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha "athari ya nyumba ya kijani", nikaandika ubaoni, nikaeleza kwa bidii, kisha nikawaambia wachore. Wakanichorea nyumba. Nyumba kweli kweli, ya makuti, imepakwa rangi ya kijani, na moshi unatoka paani. Mmoja aliongeza na dishi la televisheni. Hawakuwa na kosa lolote. Wazungu wana vibanda vya kioo vya kuoteshea mboga wakati wa baridi, wakakitumia walichonacho kuelezea. Mtoto wa Bwejuu kibanda cha kioo atakionea wapi, na baridi ya kukijengea iko wapi?

Siku hizi nasema gesijoto, neno linajieleza, halafu nawauliza kuhusu usiku. Usiku upi ni wa baridi zaidi, wenye mawingu au ule nyota zinapowaka zote? Wote wanajua, hasa waliowahi kulala nje. Usiku wa nyota, mwezi wa Julai, unaamka shuka ina umande. Usiku wa mawingu unalala unajipepea. Basi: mchana ardhi inapokea joto la jua, usiku inalirudisha juu, na mawingu yanalizuia lisiondoke lote. Jua lenyewe halipo, limeshatua, kwa hiyo wingu halikuongeza moto wowote, limezuia tu njia ya kutokea. Hewa ya ukaa inafanya kazi ya namna hiyo, mchana na usiku, na haionekani kwa macho. Nikishafika hapo nimemaliza nusu ya somo na chaki sijaigusa.

Nusu iliyobaki ni mchele. Kilo moja. Tunahesabu punje za kijiko kimoja, tunapima kilo ina vijiko vingapi, tunazidisha. Mchele wa dukani kwetu ulitupa punje kama elfu arobaini. Nikawaambia: hii kilo ndiyo hewa yote. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Katika kilo yetu ni punje ngapi? Wakapiga hesabu: kumi na moja. Wakazitoa, wakazipaka wino mwekundu, wakazirudisha. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akapata kama 315. Punje kumi na mbili na nusu, na kuna mtoto alitaka kweli kuikata punje. Leo ni zaidi ya 420. Punje kumi na saba.

Darasa likanyamaza, kisha sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, punje sita tu ndizo zinazotuchoma?"

Swali hilo ni dhahabu, na atakayemwambia mtoto huyo akae chini kimya nitamfuata skulini kwake. Mimi nilituma mtu dukani akalete bluu ya kufulia. Ndoo nzima ya maji, bluu ya kuchovya ncha ya kidole, na maji yote yakageuka. Kisha nikawapeleka kwenye nyavu, maana wao ni watoto wa wavuvi. Naitrojeni na oksijeni, ule mchele mweupe wote, kwa joto linalotoka ardhini ni kama jarife, ule wavu wa tundu kubwa, kwa dagaa: dagaa anapita hana habari. Hewa ya ukaa ndiyo wavu wenye tundu za kumtosha dagaa. Ukitaka kujua utapata samaki gani, huulizi mtego una uzito gani, unauliza tundu zake.

Watasema jua limesogea. Wapo kila darasa. Msiwacheke, waulizeni tungejuaje. Kama jua ndilo lililoongeza moto, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu kabisa. Vipimo vinaonesha hewa ya chini imepata joto na ya juu sana imepoa. Aliyejifunika blanketi yeye anapata joto ndani, na juu ya blanketi kunabaki baridi.

Sasa matokeo, na hapa tunaharibu kwa njia nyengine. Tunawafundisha watoto kwamba kila mvua kubwa, kila ukame, kila upepo ni "mabadiliko ya tabianchi". Hata nyumba ikivuja. Neno tabianchi ni zuri sana, lina tabia ndani yake, litumieni. Jirani yako mpole akikufokea leo, huwezi kusema tabia yake imebadilika, pengine hakulala. Akifoka mwaka mzima, hapo sasa kuna jambo. Hali ya hewa ni leo amefoka au hakufoka. Tabianchi ni mtu mwenyewe alivyo, na wataalamu wanataka miaka thelathini ya kumjua.

Karata zinasaidia pia, ingawa mzazi mmoja alinilalamikia kuwa nafundisha kamari. Tuseme mtu amekuchomekea shupaza tano za ziada katika pakiti. Ukiokota shupaza huwezi kuishika ukasema hii ni ile yake. Zipo shupaza za halali. Lakini cheza mpaka alasiri utaona shupaza zinavyokuandama.

Mwishoni mwa mwaka 2019 bahari upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, kwa tofauti kubwa isiyo ya kawaida, na mvua zikamiminika Afrika Mashariki. Mei 2020 Ziwa Viktoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya mwaka 1964. Pembea hiyo ya Bahari ya Hindi ni ya asili, ilikuwapo kabla ya viwanda. Lakini hewa ikipanda nyuzi moja ya joto inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia kama 7, na ikiumwaga, inamwaga na nyongeza. Mtoto anayeweza kusema sentensi hizo zote mbili kwa pamoja ameelewa. Anayesema moja tu amekariri.

Na Kilimanjaro vile vile. Picha za Kibo ziko kwenye kila bango: mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufika mwaka 2011 haikufika hata 2. Ni kweli tupu. Lakini barafu ile ilianza kupungua tangu karne ya kumi na tisa, na ukavu wa hewa na upungufu wa theluji vina sehemu kubwa pale juu. Nilimpoteza mwanafunzi mmoja mwerevu kwa sababu nilimficha hilo, akalisoma pahala, akaja kuniambia "Mwalimu, mlitudanganya." Tangu siku hiyo hakuniamini hata kwenye somo la mito.

Kwetu sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, nasi tunaishi baharini. Maji yakipata joto yanatanuka, na barafu za nchi kavu zikiyeyuka zinaongeza. Tangu mwaka 1901 bahari za dunia zimepanda kama sentimita 20. Shubiri moja. Mtoto atakwambia shubiri si kitu, basi mpeleke Pemba akaone mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Ufukwe wa kwetu ni bapa, maji yakipanda shubiri kwenda juu yanakwenda hatua nyingi kwenda ndani.

Siku moja nilimwalika bibi mmoja darasani. Analima mwani tangu ulipoanza kulimwa huku, mwaka 1989. Alikuja na kamba yake, na vipande vya taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, mfukoni, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Nilimuombea kiti akakataa, akakaa kwenye ukingo wa meza yangu kama mwenye skuli. Akawaonesha mwani wa aina mbili: mwembamba, spinosamu, na mnene, kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya mwenzake. Wa pili alikuja nao kipande kidogo tu kutoka kwa mtu wa mbali, kwa sababu hapo kwetu ulishakataa kuota.

"Zamani," akawaambia, akihesabu kwa bamvua, kule kujaa na kupwa kukubwa kwa kila wiki mbili, "nafunga mwani, bamvua hili mpaka bamvua la tatu navuna, kamba siwezi kuinyanyua. Kisha ukaanza kupauka. Unaushika, mweupe, unakatika mkononi kama tambi zilizopitiliza. Na maji yenyewe, jua la saa saba maji yakiwa magotini, yanachoma miguu. Mimi nimekanyaga maji yale tangu utoto wangu, hayakuwa yakichoma."

Mtoto akauliza kwa nini wasilime maji makubwa, ambako kuna baridi. Bibi akamtazama. "Unajua kuogelea?" Mtoto akasema ndiyo. "Mimi sijui. Na ngalawa nitapata wapi?" Watafiti wa hapa Zanzibar, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamefanya kazi kubwa ya kuwaonesha wakulima njia za kulima kwenye kina kirefu, na wako kina mama waliojifunza kuogelea ukubwani kwa ajili hiyo. Lakini kabla ya jibu hilo la kitaalamu, darasa langu lilikwisha kuelewa kitu ambacho sikuwahi kukipata kwenye kitabu: kwamba joto la bahari linaweza kugeuka kuwa swali la nani ana ngalawa.

Kijana mmoja wa nyuma, ana ndevu mbili tatu na madrasa anaongoza, akasema, "Bibi, haya yote si kazi ya Mungu?" Nilishtuka, nikawa natafuta maneno. Bibi hakutafuta. "Yote ya Mungu, mjukuu wangu. Hata moto wa jikoni wa Mungu. Lakini wali ukiungua, atakayeulizwa ni aliyekuwa anapika."

Nikakaa kimya mimi na shahada yangu.

Namalizia, mwenyekiti ameshanionesha saa mara mbili. Yule mtoto wa tano kwa tano ni mtu mzima sasa, naye analima mwani, pwani ile ile ya mamaake. Mwaka jana nilimfuata, maji yametoka, amechuchumaa kwenye kamba zake na dumu la maji ya kunywa pembeni. "Shikamoo mwalimu." Nikamwambia marahaba, nimekuja kukuomba radhi. Nikamkumbusha karatasi, nikamweleza yote haya niliyowaambia nyinyi, kuni, ozoni, hesabu za Marekani, nimesimama kwenye matope na suruali nimeikunja.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, mimi siku ile nilijua mama hana kosa. Lakini nilijua na wewe unataka nini."

Sikuwa na la kumjibu. Nikashika ncha ya pili ya kamba.

Basi. Mchele uko pale kwenye gunia, wino nimekuja nao. Kila meza ije ichukue kilo moja, na muanze kuhesabu kabla pilau halijafika, maana likifika mtachanganya.